Jiwe la Magoti ya Bibi

Harufu ya udaga ilinikuta darasani, mahali ambapo haikuwa na kazi yoyote ya kufanya. Tulikuwa kwenye chumba cha juu ya duka moja mjini, pale Kitaji, saa nane mchana, kompyuta sita kwa watu kumi na mmoja, feni inazunguka kama imelazimishwa. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni, jasho lake na langu limeshakuwa moja. Mwalimu wetu, kijana ambaye tukipishana umri basi ni mwaka mmoja, alikuwa anachora maumbo ubaoni na kutueleza algoriti ni nini. Ni hatua, alisema. Hatua zinazofuatana, kila moja iko wazi, mpaka kazi iishe. Ukizichora kwa maumbo na mishale, hiyo ndiyo chati mtiririko. Yai la kuanzia, yai la kumalizia, katikati maboksi ya kazi: fanya hiki, fanya kile.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, je, hatua zikifuatwa zote, moja baada ya nyingine, halafu kazi bado ikaharibika?

Akaniangalia mimi, akaangalia khanga, akaangalia kichwa cha mtoto kilicholalia bega langu. "Mama, hapa hatupiki ugali," akasema. "Hatua zikiwa sawa, jibu ni sawa."

Wakacheka. Niseme ukweli, nilitaka kumrushia nepi, tena siyo safi. Nina kidato cha nne changu, nimelipia ile kozi kama wao, na swali langu lilikuwa swali. Nikatulia kwa sababu mtoto alikuwa amelala, basi. Mwalimu akageukia ubao akachora umbo jipya, lenye pembe nne, limesimama kwa ncha moja kama kishada. "Hapa programu inauliza swali," akasema. "Jibu likiwa ndiyo, tunashuka chini. Likiwa hapana, tunarudi juu, kazi inafanyika tena." Akachora mshale unaotoka ubavuni mwa lile umbo, ukapanda, ukapinda, ukarudi ulikotoka.

Ndipo harufu ikaja. Nilikuwa naangalia ule mshale unaorudi, na pua yangu ikawa iko kijijini Kiriba, nilikokulia.

Kwa ambaye hakukulia kwetu, udaga ni muhogo mchungu uliovundikwa. Ule muhogo ukiula hivihivi unakudhuru, na mtoto wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kuandika jina lake. Kwa hiyo unamenywa, unaanikwa jua la siku moja, unarundikwa kwenye kona ya nyumba, unafunikwa kwa majani ya mgomba na gunia juu yake, unaachwa ulale. Ukilala vizuri unaota ukungu mweusi wenye manyoya kama mgongo wa panya. Unakwanguliwa ule ukungu, unapandishwa mwambani, unaanikwa mpaka ukauke kabisa, unatwangwa, unachekechwa. Nyumba yenye udaga uliolala inanuka kitu fulani kati ya pombe na udongo wa mvua na shuka la mtoto. Watu wengine wanaziba pua. Mimi nikiisikia nalala usingizi.

Nilikuwa naishi kwa Bibi, mama yake mama yangu. Mama alikuwa ameolewa Butiama na mwanamume ambaye hakunitaka nyumbani kwake. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuja mara chache, na akija alikuwa anamuuliza Bibi, siyo mimi, "Huyu anakusaidia kazi au anakula tu?" Bibi alikuwa akijibu, "Mke mwenzangu huyu, mwache." Ndivyo alivyoniita siku zote, mke mwenzangu, na Babu aliniita mke wangu mdogo, na mimi nilikuwa nadhani ndoa ndiyo kitu hicho, watu watatu wanaotaniana uani huku wanamenya muhogo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na njia. Sijawahi kuona njia nyingine kama ile. Ilitoka mlango wa nyuma, ikapita kwenye migomba, ikapanda polepole mpaka kwenye mwamba mkubwa mpana, mweupe kwa kuanikiwa, wenye joto la kukuchoma nyayo saa sita. Ukifika juu unaliona ziwa lote limelala kule chini, bluu isiyo na mwisho, na mijusi yenye vichwa vyekundu inapiga pushapu kwenye mawe kama askari wa kuigiza. Katikati ya ile njia, penye kivuli cha mgomba wa mwisho, kulikuwa na jiwe moja la kukalia. Hapo Bibi alikuwaga anapumzika.

Magoti yake yalikuwa yanalia. Siongezi chumvi, ungeweza kuyasikia, kitu kama kuni kavu. Akitoka na tenga la udaga kichwani, akifika kwenye lile jiwe analitua, anakaa, ananyoosha miguu, anavuta tenga la pili lililo tupu. Halafu mikono yake inaanza kazi. Anachukua kipande, anakibonyeza kwa kidole gumba, anakivunja, anakitazama tumboni. Kinachovunjika kama mkate wa juzi kinaingia tenga la kwenda mwambani. Kingine anakirudisha. "Hivi bado vina usingizi," alikuwa akisema, "virudi vikalale." Kuku walikuwa wanajua ratiba yake kuliko kasisi anavyojua ya misa. Alikuwa hajakaa vizuri wanakuja kumzunguka, wanadonoa makombo yaliyoanguka, wanagombana kati ya miguu yake. Mimi nilikuwa nakaa chini pembeni, naegemea paja lake, naangalia vipande vinavyopanda na vipande vinavyorudi nyumbani kulala, na nilivionea wivu vile vinavyorudi.

Nilielewa kila kitu. Ndivyo nilivyodhani. Bibi ana magoti mabaya, kwa hiyo anapumzika. Akiwa anapumzika, mikono haipendi kukaa bure, kwa hiyo inavunjavunja, kama mtu anayetafuna jani huku anasubiri. Tenga zima ni zito kupandisha mpaka juu, kwa hiyo nusu inarudi nyumbani mpaka kesho magoti yakipoa. Mtoto wa miaka tisa anaangalia kitu mwaka mzima na anaondoka na sababu yake mwenyewe, iliyonyooka kabisa, isiyo na tundu hata moja.

Hatua zenyewe nilikuwa nazijua kama Baba Yetu. Bibi alinifundisha kwa sauti, huku tunamenya, na ilibidi nirudie bila kukosea. Menya, osha, anika, rundika, funika, usiku tatu, fungua, kwangua, pandisha, anika, twanga, chekecha. Nikikosea ananirushia ganda la muhogo. Nikipatia Babu anapiga makofi kutoka kwenye nyavu zake, anasema, "Mke wangu mdogo anakupita, we mzee!" Bibi anajibu, "Anipite tu, nichoke na wewe." Kwenye ule wimbo wa hatua hapakuwa na neno kaa. Hakuwahi kulisema. Ilikuwa kazi ya mwili wake, na mwili wake hakuufikiria.

Halafu Mamdogo akajifungua kule Bunda. Bibi alifunga mzigo wake asubuhi moja ya mawingu, na udaga wa wiki ile ulikuwa ndiyo kwanza umefunikwa kwenye kona.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "nyumba ni yako. Udaga unaujua?"

"Naujua."

"Sema."

Nikasema, kuanzia menya mpaka chekecha, bila kuvuta pumzi. Akacheka. Akamwambia Babu, "Sasa huyu usimsumbue. Na jikoni usiingie, utaunguza nyumba."

"Mimi?" Babu akasema. "Mimi kazi yangu ni kula."

Nakumbuka zile siku kama kitu nilichokiota. Mvua nyembamba ilikuwa inakuja na kuondoka, ziwa limekuwa rangi ya sufuria, na mimi natembea kwenye nyumba nimejifunga khanga ya Bibi mara mbili kiunoni. Nilifagia mpaka mahali pasipofagiliwa. Nilikuwa nimeshapanga moyoni: Bibi atarudi atakuta unga tayari, ataenda kusema, na habari itatembea mpaka Butiama kwamba yule binti hali bure. Nililala nikimwona Mama anaipokea ile habari. Kila siku alikuwa anaipokea kwa sura tofauti.

Usiku tatu zikaisha. Nikafungua. Ukungu ulikuwepo, siyo mwingi, mahali pengine mweusi na mahali pengine kijivu tu kama vumbi. Wimbo ulisema kwangua, nikakwangua. Wimbo ulisema pandisha. Nikaweka tenga kichwani na nikapanda ile njia, na nilipofika kwenye jiwe kuku walikuwa wameshanisikia wanakuja mbio. Nakumbuka kabisa. Nililitazama lile jiwe, nikajisikia kijana. Magoti yangu hayakuwa yanalia. Nikawapita kuku na jiwe, nikapanda mpaka juu na tenga zima, nikarudi kuchukua lingine, nalo likapanda zima. Jua likatoka siku hiyohiyo, kali kama limekumbuka deni. Nilikaa mwambani siku mbili nafukuza kuku na mijusi, nageuza vipande, naimba, na chini yangu ziwa lilikuwa linapumua.

Unga ulitoka mweupe. Mweupe kuliko wa Bibi, ambao siku zote ulikuwa na rangi ya jivu kidogo. Nilimpelekea Babu kiganja kizima akaushangaa. "Hii theluji," akasema, ingawa theluji hatukuwahi kuiona wote wawili. Mchana huo nikasonga ugali, nikachemsha furu, wale samaki wadogo aliopewa na wenzake wa zamani wa mtumbwini, nikamtengea kwanza yeye kama nilivyofundishwa, nikaenda kuchota maji ya kunawia na kunywa. Mimi nilikuwa nile nikirudi.

Kabla sijaondoka nilimwona anamega tonge la kwanza, anatafuna, anasimama kidogo. "Una uchungu kidogo," akasema. Akaniangalia usoni. Sijui aliona nini, labda aliona Butiama yote. Akasema, "Lakini mtamu," akaendelea kula.

Niliporudi na ndoo alikuwa ameanguka ubavu kwenye mkeka. Alikuwa anatapika, jasho linamtoka kama mtu anayeendesha kasia, anasema dunia inazunguka, anajaribu kunyanyuka na miguu haimsikii. "Mke wangu mdogo," alikuwa anasema, "miguu yangu umeiweka wapi?" Alikuwa anajaribu kunitania mpaka pale. Sikulia. Nilisimama na ile ndoo, nikaanza kurudia hatua kwa sauti, menya, osha, anika, natafuta niliyoiruka. Nikarudia mara ya pili. Hakuna niliyoiruka. Hicho ndicho kilichoniogopesha kuliko matapishi. Hatua zote zilikuwepo, na Babu alikuwa anakufa.

Bibi akaingia uani saa ileile, na mzigo kichwani, na kitenge kipya alichopewa Bunda. Hakupiga kelele. Alimwona Babu, aliona sahani, alichovya kidole kwenye ugali akagusa ulimi akatema. Halafu akafanya kitu ambacho sikukielewa. Alimwacha Babu pale chini, akatembea na yale magoti yake haraka kuliko nilivyowahi kumwona, mpaka kwenye jiwe. Akainama, akaangalia chini pande zote. Palikuwa pasafi. Hapakuwa na kombo hata moja, wala kuku.

Akarudi. "Hukukaa," akasema.

"Magoti yangu hayaumi, Bibi."

Aliniangalia kwa muda. Nimeshaangaliwa na watu wengi, na mume, na wakunga, na huyu mwalimu wa kompyuta, lakini sijaangaliwa tena hivyo. Halafu akaita majirani. Wakampakia Babu kwenye pikipiki, dereva mbele, Babu katikati, jirani nyuma amemkumbatia asidondoke, wakaenda naye zahanati. Ule unga wote Bibi aliumwaga kwenye shimo mwenyewe, akafukia, akasimama juu yake akakanyaga. Mimi nikasubiri kipigo. Nikasubiri neno. Nikawaza kwamba sasa nitapelekwa Butiama, na Butiama hawanitaki, kwa hiyo sitakuwa mahali popote.

Babu alirudishwa kesho yake, mwepesi kama amemenywa, lakini anasema. Bibi alipohakikisha kwamba anakunywa uji na haurudi, alinishika mkono. Tulikwenda kwenye jiwe. Nikajua sasa ndiyo kipigo. Akanisukuma mabega nikakaa mimi, yeye akakaa chini kwenye majani, mahali pangu, na ile kazi ya kukaa chini yale magoti yaliifanya kwa maumivu, niliyasikia.

"Nilikuwa nakufundisha kwa mdomo," akasema. "Hiki kinafundishwa kwa kidole. Kosa langu." Mtu mzima aniambie kosa langu! Nilidhani nimesikia vibaya. Akavuta tenga la udaga alioazima kwa jirani, akaniwekea kipande mkononi. "Bonyeza. Kimekubali au kimekataa?"

"Kimekubali."

"Vunja."

Nikavunja. Ndani kulikuwa na moyo mweupe, mgumu, kama jino.

"Kinakudanganya nje," akasema. "Muulize tumboni. Amekataa, anarudi wapi?"

"Kulala."

"Mpaka lini?"

"Usiku tatu."

"Hapana!" Akapiga paja langu, siyo kwa kuumiza. "Usiku tatu ni za jua. Na mvua je? Anarudi mpaka akubali. Akikataa mara kumi, mara kumi. Kwani unamsubiri nani? Bonyeza."

Tulikaa pale mpaka kivuli cha mgomba kikahama. Kuku wakarudi, mmoja mmoja, kwa wasiwasi, halafu wakaanza kugombana kati ya miguu yangu. Kidole changu gumba kikavimba. Nilibonyeza, nikavunja, nikauliza, tenga hili, tenga lile, na kuna wakati nilikuwa sijui tena kama ni mimi ninayeuliza muhogo au muhogo unaniuliza mimi. Lilikuwa jiwe la kuulizia. Mwaka mzima nililiona jiwe la kupumzikia.

Lile jiwe halipo. Mjomba wangu alilipasua kokoto ajengee choo, baada ya Bibi kuondoka duniani. Mwaka huu nilikwenda na mwanangu nikakuta shimo na majani. Mjomba akaniambia, "Si lilikuwa jiwe tu?" Sijamsamehe na sina mpango huo.

Basi nikiwa pale Kitaji, mtoto mgongoni, na harufu ya udaga imejaa chumba kizima wala hakuna mwingine anayeisikia, nikasimama. Nikamwambia mwalimu anipe chaki. Akasema, "Mama, kaa tu, tunaendelea." Nikamwambia nimeshakaa sana maishani, anipe chaki. Nikachora yai. Nikachora maboksi, menya, osha, anika, yote. Nikamwambia hivi ndivyo ulivyotuambia, hatua ziko sawa, na kwa hatua hizi mtu alianguka. Kompyuta unayotusifia ni mtoto wa miaka tisa uliyemwachia nyumba. Atafanya kila ulichosema, na usichosema atakipita mbio, tena kwa furaha. Halafu kati ya kwangua na pandisha nikachora kile kishada chake, kikubwa, mpaka kikagusa maboksi. Ndani yake nikaandika: kimekubali tumboni?

"Na huu mshale wa hapana," mwalimu akauliza, sauti imeshuka, "unarudi wapi?"

"Unarudi kulala."

Wakacheka tena, lakini mwalimu hakucheka. Alitoa simu akapiga picha ule ubao. Akauliza kama anaweza kuutumia kwa wanafunzi wa jioni. Nikamwambia autumie, ila habari ya ugali asimwambie tena mwanamke mwenye mtoto. Akasema samahani. Hasira haikuisha. Ilipungua kidogo tu, na mwanangu akaamka, akataka nyonyo, nikakaa.

Huku ananyonya nikamkumbuka Babu, siku unga wa pili ulipokuwa tayari. Vile vipande vigumu vilikuwa vimelala usiku sita. Unga haukuwa mweupe, ulikuwa na rangi ya jivu. Nilisonga, nikatenga, nikaweka sahani katikati ya mkeka, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mama alikuwepo. Alikuwa amekuja kutoka Butiama kumwona baba yake, amekaa na mkoba mapajani kama mtu anayeondoka, na alikuwa anautazama ule ugali. Bibi alikuwa ananitazama mimi. Mimi nilikuwa natazama kidole changu gumba.

Babu akasogea, miguu yake bado inatetemeka kidogo. Akanawa taratibu, kila kidole.

"Mke wangu mdogo," akasema, "ulikaa?"

"Nilikaa, Babu."

Akamega tonge kubwa, akalichovya kwenye mchuzi wa furu, akala.